Kumwingiza mtoto 4-H huku Iowa mashambani, mliopitia nipeni mwanga

mama_mapacha (mwanzisha uzi)

Wakubwa shikamooni, rika langu habari zenu. Tumehamia kaunti moja huku Iowa mashambani kabisa, mume kapata kazi kiwanda cha nyama na mimi niko hapohapo zamu ya jioni, mji wenyewe hujamaliza kufunga mkanda wa gari ushautoka, mahindi kulia soya kushoto. Nina mapacha wako darasa la tano, wa kike na wa kiume. Wiki iliyopita wamerudi shule na kikaratasi kina jani la kijani la pande nne kila pande herufi H, na tangu siku hiyo nyumba haikaliki, mama fulani yuko humo, mama na fulani naye yumo, sisi tu ndo hatumo.

Nimemuuliza jirani, mama wa kizungu mtu mzima mwema sana, kanielezea kwa furaha nusu saa nzima nikaitikia yes yes sikuambulia kitu. Nilichoshika ni kwamba kuna kiapo na kuna maonyesho na kuna ng'ombe. Sasa nauliza, hii ni dini? Ni kama jeshi la watoto? Lazima uwe na shamba? Maana sisi tumepanga, mkataba hautaki hata paka. Na pesa je? Wa kiume keshasema anataka ng'ombe, wa kike yeye anataka kupiga picha tu. Naombeni msinicheke.

mzee_wa_silo

Marhaba mama mapacha, karibu Iowa. Hakuna wa kukucheka, wengi tulifika tukadhani ni kanisa.

Sio dini na sio jeshi. Ni klabu za vijana ambazo kwa serikali ziko chini ya wizara ya kilimo, na kwa kila jimbo zinaendeshwa na chuo kikuu, kwetu huku ni Iowa State University kupitia idara yao ya ugani. Zile H nne ni kichwa, moyo, mikono na afya, na kiapo chenyewe ndo kinasema hivyohivyo tu, kwamba mtoto anatoa hivyo vinne kwa ajili ya klabu yake, jamii yake, nchi yake na dunia. Hilo la dunia waliliongeza 1973, kabla ya hapo kiliishia kwenye nchi. Watoto wanasimama, wanasema, wanakaa, mkutano unaanza, hakuna zaidi.

Ilivyoanza, 1902 huko Clark County, Ohio, mkuu mmoja wa shule aitwaye A. B. Graham alikusanya watoto wa shamba akaanza kuwafundisha kilimo kwa vitendo, mahindi, kupima udongo na mengineyo. Na hapa Iowa kwetu Page County kulikuwa na mwalimu Jessie Field, huyo ndo anatajwa kwa ile beji ya jani yenye herufi H, mwanzoni yalikuwa majani matatu. Vyuo vikuu viliona kwamba mkulima mzee ukimwambia mbegu mpya anakukatalia, ila mtoto wake akizipanda nyuma ya nyumba zikazaa kuliko za baba, mzee mwenyewe atakuja kuuliza. 1914 ikapita sheria ya Smith-Lever ikaweka ugani nchi nzima na klabu zikapata mizizi.

Sasa la kufanya. Iowa ina kaunti 99 na kila moja ina ofisi ya ugani, mara nyingi kajengo kadogo karibu na mahakama au uwanja wa maonyesho, kibaoni imeandikwa Extension and Outreach. Piga simu au ingia mlangoni. Sema una watoto darasa la tano wanataka kujiunga, basi. Kuna mfanyakazi kazi yake ni hiyo, atakutajia klabu zilizopo, ipi inakutana wapi na siku gani, ipi bado ina nafasi. Usianzie kwenye tovuti kujaza fomu halafu ukajikuta umechagua klabu iko mwisho mwingine wa kaunti. Ongea na mtu kwanza, fomu ni baadaye.

Umri wako sawa kabisa. Iowa darasa la nne mpaka la kumi na mbili ndo wanachama kamili, walio chini wanaingia Clover Kids ambako hakuna kushindana. Mwaka wao unaanza Septemba, kwa hiyo ukienda vuli unaingia na wenzio wote wapya, hapo ndo pazuri.

chai_ya_rangi

Mama mapacha usiwe na shaka, kama ulisoma Kenya hii kitu unaijua sema haikuwa na jani. 4K Club! Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, ilianza 1962 na ni mtoto wa hii hii 4-H. Sisi shule yetu tulikuwa na shamba ya sukumawiki na sungura, mwalimu akikosa mboga anakuja kuvuna kwetu haha. Ikafifia fifia hapo katikati alafu 2021 Rais Uhuru Kenyatta akaizindua tena.

Tofauti kubwa yenye mimi nimeona ni kwamba kule ilikuwa ya shule, mwalimu anaita mnaenda. Huku ni ya wazazi. Shule inagawa karatasi tu lakini klabu inaongozwa na mama wa fulani na baba wa fulani kwa kujitolea, na mzazi mwenye anaacha mtoto mlangoni aende zake mwaka mzima, watamvumilia lakini watamwona.

kijiwe_cha_jumamosi

Mimi nitasema ukweli ambao hamtaki kuusema. Hii kitu ni ya watoto wa wenye mashamba. Nenda maonyesho ya kaunti uangalie, ng'ombe wa kuuza anafika pale ana zaidi ya kilo 550, ananawishwa shampuu, anapulizwa na mashine ya kukausha manyoya, trela ya kumbeba ina thamani kuliko gari lako na langu tukiyaunganisha. Baba yake alikuwa humo, babu yake alikuwa humo, jaji anamjua babu. Wewe na zamu yako ya jioni unampeleka mtoto pale akajifunze nini, kuwa wa mwisho? Bora soka, mpira mmoja watoto ishirini na mbili.

mzee_wa_silo

@kijiwe_cha_jumamosi la ng'ombe hujakosea, pesa ipo na ukoo upo. Na kama tunasema ukweli tuuseme wote, kule Kusini watoto weusi walikuwa na klabu zao pembeni na kambi zao pembeni mpaka ilipokuja sheria ya haki za kiraia ya 1964. Kwa hiyo mtu mweusi akiingia ukumbini akahesabu sura, ana sababu yake.

Ila wewe umeenda banda la ng'ombe ukarudi nyumbani. Ungevuka barabara ungeona jengo lingine limejaa picha, keki, nguo walizoshona, viti vya mbao, roboti, roketi, mashairi, bustani za maboksi. Huko ndo wako watoto wengi na huko babu wa mtu hana kazi.

Na namna ya kuhukumu usiichukulie kama soka. Kwenye hayo majengo mtoto anakaa meza moja na jaji, ana kwa ana, kazi yake ikiwa katikati yao. Kaja na kadi ameandika lengo lake lilikuwa nini, alifanyaje, alijifunza nini. Jaji anamuuliza, anamsikiliza, anamwambia hapa pazuri hapa pangekuwa hivi. Halafu utepe, wa bluu, mwekundu au mweupe, kwa kulinganisha na kiwango na sio na mtoto wa jirani, yani wakistahili wote bluu wanapata wote bluu. Kuna ushindani kwa juu yake, wale bora wanachaguliwa kwenda maonyesho ya jimbo Des Moines mwezi wa nane, lakini mlango wa kuingilia sio huo. Mtoto wa miaka kumi na moja anayezoea kukaa mbele ya mtu mzima asiyemjua akaeleza kazi yake kwa Kiingereza bila mama kumsemea, kaka hicho soka haimpi.

chai_ya_rangi

Kwanza hiyo ya kusema mbele ya watu. Mkutano wenyewe wanaendesha watoto ujue. Kuna mwenyekiti, makamu, katibu anasoma mambo ya mkutano uliopita, mweka hazina anasema tuko na dola ngapi, mtu anatoa hoja mwingine anaunga mkono wanapiga kura. Wakubwa wako nyuma kwa viti wamenyamaza. Mara ya kwanza nilicheka, mtoto wa darasa la sita anagonga meza na nyundo ati hoja imepita. Saa hii najua kamati ya kijiji chetu nyumbani ingelipa pesa kuona hiyo.

mama_wa_kivu

Jambo kwenu bote. Miye niko mama wa Bukavu, batoto bangu batatu beko mu 4-H. Mwanzo niliogopa sana juu ya kulala inje, eti kambi, mutoto analala wapi na nani anamuchunga. Niliuliza bila haya. Banaeleza kama kila mukubwa wa kujitolea banamuchunguza polisi mbele, anafanya formation, ni kusema mafunzo, na mukubwa moja hawezi baki yeye peke na mutoto, lazima bakuwe babili. Uliza na wewe mama, hawakasirike. Na kingereza yako usione haya, mutoto atatafsiri mpaka mwezi moja, kisha utaanza kusikia.

abuu_salma

Assalam alaykum na habari za jioni. Nauliza mimi kwa upande mwingine. Iowa ni nchi ya nguruwe, hakuna jimbo linalofuga nguruwe kuzidi hili, na klabu iliyo karibu na kwangu nusu yao miradi ni hiyo. Binti yangu ana miaka tisa. Atalazimishwa kushika? Na kwenye vyakula vya mikutano?

mzee_wa_silo

Wa alaykum salaam abuu salma. Halazimishwi hata kidogo, mradi anachagua mwenyewe kwenye orodha ndefu, mbuzi wapo, kondoo wapo, sungura, kuku, na yote yasiyo na kwato. Chakula familia huwa zinapokezana kuleta vitafunwa, mwambie kiongozi mapema nyumba yenu hamli nini, wataweka. Mimi najua familia ya Kisomali wao zamu yao ikifika wanaleta sambusa na kikao hakiishi.

Kuku nikutahadharishe kidogo. Ukija ugonjwa wa mafua ya ndege maonyesho ya kuku yanaweza kufutwa, ilitokea 2015, watoto wakabaki kuleta mabango na picha za kuku wao. Kwa hiyo kama ni kuku mwambie binti awe na mradi wa pili pembeni.

mama_mapacha

Asanteni sana jamani nimesoma yote kwa sauti mume anasikiliza. Sasa huyu wangu wa ng'ombe nimfanyeje? Hana zizi hana nyasi hana baba mwenye trela. Na nimesikia mwishoni ng'ombe anachinjwa?? Mtoto amemlisha mwaka mzima?

mzee_wa_silo

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo familia nyingi mpya zinaumia.

Mnyama wa sokoni, yani fahali aliyehasiwa, nguruwe, kondoo au mbuzi wa nyama, safari yake ni machinjioni. Mtoto anamnunua mdogo, anamlisha, anaandika kila kilo ya chakula na kila dola, anamfundisha kutembea na kamba, mwezi wa saba anamwingiza ulingoni. Halafu kaunti nyingi kuna mnada, benki ya mjini, duka la chakula cha mifugo, fundi wa matrekta, wanapandisha bei juu ya ile ya soko makusudi kumtia mtoto moyo, na mtoto anatakiwa awaandikie barua ya shukrani kwa mkono wake, sehemu nyingine bila barua hundi haitoki. Usiku wa mwisho wa maonyesho ukipita mabandani utakuta jitu la miaka kumi na sita limelala shingoni mwa ng'ombe linalia. Hilo halifichwi, na kiongozi mzuri anamwambia mtoto siku ya kwanza kabisa, huyu ataenda. Asiyetaka hilo achukue mnyama wa kubaki, ndama jike wa kufuga, sungura, mbuzi wa maziwa, mbwa.

Na tarehe haziongopi. Kwa Iowa ng'ombe wa sokoni lazima awe ametambulishwa rasmi kufikia 1 Februari, wanyama wengine wengi 15 Mei. Yani ukiamka mwezi wa sita ukasema mwanangu anataka kuonyesha ng'ombe umeshachelewa mwaka. Pia kuna mafunzo ya kila mwaka ya utunzaji wa mifugo, yanaitwa YQCA, dawa zinapewaje, mabaki ya dawa kwenye nyama, ustawi wa mnyama, bila cheti hicho mtoto haingii ulingoni na mnyama wake.

Sasa kwa kijana wako, uliza ofisini kuhusu ndama wa chupa. Ni ndama mchanga aliyezaliwa mwaka huohuo, mara nyingi wale wa ng'ombe wa maziwa au aliyekosa mama, mtoto anamnywesha maziwa kwa chupa au ndoo, na mwezi wa saba jaji hamwangalii ndama sana, anamhoji mtoto, anaitwa nani, anakula nini, aliugua lini ukamfanyaje. Ndio mlango wa ng'ombe kwa watoto wadogo. Zizi unaweza kupata kwa familia nyingine ya klabu, mtoto anaenda kulisha mwenyewe kwa makubaliano, na makubaliano yaandikwe na ofisi iyaone, wana kanuni zao kwa mnyama asiyekaa nyumbani kwako. Lakini lishe ni asubuhi na jioni kila siku ya Mungu, mvua isinyeshe inyeshe, na wewe uko zamu ya jioni. Nani anampeleka? Hilo jibu kwanza na mume kabla hujamwambia mtoto ndiyo.

Ushauri wangu mwaka huu asichukue mnyama kabisa. Ahudhurie mikutano, achukue kitu kidogo cha kumaliza, mkate, sanduku la mbao, mche. Mwezi wa saba mnaenda maonyesho wote anazunguka mabanda mpaka achoke. Akitoka huko bado anataka ng'ombe, vuli inayofuata ana marafiki wenye zizi na wewe una namba zao za simu. Familia mpya inayoanza na mnyama inakuwa na mnyama na haina klabu, wanahangaika peke yao na kamba na mtoto analia ulingoni.

kijiwe_cha_jumamosi

Sawa mzee umeshinda la picha na keki. La ng'ombe nimeshinda mimi.

chai_ya_rangi

😂😂 utepe mweupe kwako

jicho_la_tai

Msichanganye na FFA, chama kingine cha wanafunzi wa kilimo, jamani naona watu huwa wanachanganya. Ile ya majaketi ya bluu ya kodrai ni FFA, imeanza 1928, inakuwa ndani ya shule na mtoto lazima awe kwenye somo la kilimo, mara nyingi sekondari. 4-H iko nje ya shule. Wengi wanafanya zote mbili wakifika sekondari.

Gharama dada mama mapacha: ada ya mwaka ipo na haifanani kila sehemu, kaunti nyingine inailipa yenyewe. Ukiwa huna sema huna, kuna utaratibu wa msaada, ni swali la kawaida sana pale ofisini. Zaidi ya hapo ni mradi wenyewe, na mradi wewe ndo unaupanga ukubwa wake. Kwenye fomu watauliza rangi na asili, ni kwa takwimu wanazotakiwa kupeleka serikalini, kuna sehemu ya kuchagua kutosema.

mama_mapacha

Nimerudi. Nimepiga simu jana kabla ya zamu, moyo unaenda mbio, yule dada wa ofisini akaongea polepole mpaka nikashangaa. Klabu ziko kadhaa, moja inakutana Jumapili mchana ukumbi wa kanisa, mimi siko kazini Jumapili! Kasema twende mkutano mmoja tuone kabla ya kujaza chochote. Nimemuuliza la wakubwa wawili kama alivyosema mama wa Kivu, kajibu bila kukunja uso, nadhani, maana ilikuwa simu. Kuhusu ada kasema tusiihangaikie mwaka wa kwanza.

Wa kiume tumemwambia mwaka huu mbao, ng'ombe tutaongea. Kanuna, kesho yake nimemkuta anapima ubao wa kitanda changu kwa rula. Baba yake kasema yeye atawapeleka na atakaa mpaka mwisho, @chai_ya_rangi umemtisha.

Swali la mwisho, huyu wa kike kamera hana, ana simu yangu ya zamani kioo kimepasuka. Inafaa au ndo tuanze kununua vitu?

jicho_la_tai

Usinunue kitu dada. Simu inafaa, binti yangu alianza na simu, utepe wa bluu. Wanachoangalia ni mwanga umetoka wapi, kitu kikuu kiko wapi, kwanini alisimama pale asisimame pengine. Picha itabidi ichapishwe, na kuna masharti ya ukubwa na ya kuibandika, yapo kwenye kitabu cha maonyesho cha kaunti, chukueni ofisini myasome pamoja maana kila mwaka kuna mtoto kazi yake inakataliwa kwa sababu ya kubandika tu. Na mwambie asifute zile zilizoharibika, jaji atamuuliza alijaribu nini kwanza.